Paswedi Ibaki Kambini

Vijana wenzangu wa Nakivale na wa kambi zingine, pamoja na ninyi ndugu wa mashirika mnaotusoma hapa kimyakimya, leo naleta habari ya kompyuta. Msimamo wangu nausema mapema ili mwenye bando dogo aondoke nao: mashine yoyote inayoletwa kuhudumia watu wa kambi, paswedi yake ibaki kambini, nakala yake ibaki kambini, na wa kuitengeneza awe mtu anayelala kambini. Kama sivyo, ile mashine bado ni ya aliyeileta, hata kama imebandikwa karatasi inayosema imetolewa kwa jamii.

Najua wengine mkisikia neno seva mnaona majumba makubwa ya Ulaya yenye mitambo inayonguruma. Seva ninayosema mimi inaingia mfukoni. Ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, upana wake kama kadi ya benki. Haina skrini, haina kibodi. Kila kitu chake, kuanzia mfumo wa kuiwasha hadi masomo yenyewe, kinakaa kwenye memori kadi kama ile ya simu. Umeme inakula kidogo, volti 5 kama chaja ya simu, ndiyo maana inafaa mahali penye sola.

Ndani yake kuna Kolibri, programu ya masomo iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti. Mwanafunzi anawasha wifi ya simu, anaona jina la kituo, anaingia, anasoma. Hapo hakuna intaneti, kwa hiyo hakuna bando linalokatwa. Mwalimu naye anatoa mazoezi na kuona nani amefika wapi. Ukiongeza Kiwix unapata na Wikipedia vilevile bila intaneti. Sasa fikiria mtoto wa S4 anayesubiri mtihani wa UCE, na darasani kwao kitabu kimoja cha fizikia kinagombaniwa na dawati zima. Kwake yeye kile kidude ni mwalimu wa jioni. Kikizimika, mwalimu ameondoka.

Sikilizeni basi yaliyotokea kituoni ninakojitolea. Shirika silitaji. Shida hii naisikia kwa vijana wa kambi mbalimbali, na kumtaja mmoja ni kumwonea.

Fundi alikuja siku ya Alhamisi na gari na modemu yake. Mtu mzuri, mpole, hana dharau. Akasema mfumo umezeeka, lazima upandishwe toleo. Wetu ulijengwa juu ya Debian 11, iliyotoka mwaka 2021, na yeye alitaka kuupeleka Debian 12, ya mwaka 2023. Kazi ilianza saa sita mchana. Saa kumi ilikuwa haijaisha, na dereva akapiga honi kwa sababu magari ya mashirika yana saa yake ya kuondoka. Fundi akaangalia skrini, akaona kila kitu kimeshapakuliwa, akasema itamaliza yenyewe. Akaondoka. Siku ile mawingu yalishinda juu, betri ya sola ikaisha usiku, umeme ukakatika kazi ikiwa katikati.

Asubuhi taa nyekundu inawaka, ya kijani inapepesa mara mojamoja, lakini jina la wifi halionekani kwenye simu yoyote. Tukazima, tukawasha. Hakuna. Kuingia ndani kuangalia, lazima paswedi. Paswedi hatuna. Ufunguo wa chumba tunao sisi, sola tunafuta vumbi sisi, wanafunzi tunawaandikisha sisi, ila paswedi iko mjini.

Tukapiga simu. Tukaandika ujumbe. Tukaambiwa tusubiri, mara tuandike barua ya maombi, mara anayehusika yuko likizo. Siku kumi na moja zikapita namna hiyo, na huko kwenye kalenda mtihani haukusubiri mtu. Siku ya kumi na mbili ndiyo tukapata jibu la kweli: mkataba wa fundi ulikwisha mwisho wa mwezi, na paswedi alikuwa anaijua yeye peke yake. Mratibu akatuandikia kwamba tujaribu tunavyoweza, ana baraka zake.

Tulikuwa watatu: mimi, dada mmoja anayefundisha kina mama kompyuta, na kijana Msomali mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Nawaelezea tulivyofanya, kwa sababu kuna kituo mahali fulani kina shida kama hii leo.

Kwanza hatukugusa kitu. Tulichomoa kadi, tukaiingiza kwenye laptopu, tukachukua nakala ya kadi nzima jinsi ilivyo, pamoja na ubovu wake. Hapa vijana wengi wanakosea kwa haraka. Mtu akiona mashine imegoma anafuta kila kitu aanze upya, na pamoja na ubovu anafuta majina ya wanafunzi, alama zao, na kazi ya mwalimu ya miaka. Ukiwa na nakala ya ubovu, unaweza kujaribu mara kumi na bado ukarudi ulipoanzia.

Pili, tulibadilisha paswedi. Ndiyo, inawezekana. Mwenye kadi mkononi anaweza kuifungua kwenye kompyuta nyingine, akaongeza maneno machache kwenye faili la kuwashia, mashine ikaamka bila kuuliza paswedi. Jambo hili likumbukeni, nitalirudia mbele.

Tatu, tulifunga televisheni ya kibandani badala ya skrini, tukasoma maneno yenyewe ya mashine. Kompyuta ikigoma huwa inasema inaumwa wapi. Tuliandika amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyobaki. Kadi ilikuwa imejaa asilimia 100. Kumbe kupandisha toleo kunataka nafasi mara mbili: nafasi ya mafurushi yaliyopakuliwa, na nafasi ya kuyafungua. Video za masomo zilikuwa zimekula kadi karibu yote. Tulihamishia baadhi ya video kwenye flashi. Yale mafurushi hatukuyafuta, maana kuyapakua tena ni bando, na bando ni pesa ya posho.

Nne, tulitoa amri ya dpkg --configure -a. Kazi yake ni kurudi kwenye yale yaliyoachwa nusu umeme ulipokatika na kuyamalizia moja baada ya lingine. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Sehemu chache zilizokosekana tulizipakua kwa bando la kuchangishana.

Tano, wifi bado haikuonekana. Hapa yule dada ndiye aliyegundua. Mfumo ukipandishwa, ukikuta faili la mpangilio ambalo mtu amelibadilisha kwa mkono, unauliza: nibakishe la kwako au niweke jipya? Asipochagua mtu, unabakisha la zamani. Kwetu lilichaguliwa jipya, na hilo jipya halijui kitu kuhusu jina la kituo wala namba zake. Lakini mfumo haukulitupa la zamani. Ulilihifadhi palepale pembeni, jina lilelile, limeongezwa mwishoni .dpkg-old. Tukalirudisha. Jina la kituo likatokea kwenye simu, watu wakapiga vigelegele kana kwamba kuna harusi.

Sita, Kolibri yenyewe ilikataa kuamka. Debian 11 inatumia Python 3.9, Debian 12 inatumia 3.11, na Kolibri tuliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, haikuzoea hiyo mpya. Tuliletewa Kolibri mpya kwenye flashi, tukaiweka. Kumbukumbu za wanafunzi zilikuwa salama, kwa sababu Kolibri huziweka kwenye folda yake peke yake, mbali na programu. Kazi yote ilichukua jioni mbili. Kusubiri kulichukua siku kumi na mbili. Hesabu hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Nimezungumza na watu wa mashirika na najua mtajibu nini. Wa kwanza atasema: paswedi ni usalama, ndani mna habari za watoto, hatuwezi kuisambaza. Hoja hiyo naiheshimu. Sisi wakimbizi tunajua kuliko wengi hatari ya jina lako kuangukia mikono isiyo yake. Lakini rudini kwenye jambo nililowaomba mkumbuke. Kadi ambayo haijafungwa kwa siri ya ziada inasomeka kwa yeyote anayeishika. Mwizi akiichomoa ile kadi, paswedi ya mjini haimzuii hata kidogo. Anayezuiwa ni volontea mwaminifu anayetaka kuitengeneza kihalali. Kama kweli tunalinda habari za watoto, tufunge chumba, tuandike jina la kwanza tu au namba badala ya majina kamili, na nakala tuziweke kwenye sanduku lenye kufuli. Huo ndio ulinzi.

Tena hakuna anayeomba paswedi moja igawiwe kama karanga. Mfumo wenyewe unaruhusu kila mtu awe na akaunti yake. Wapeni watu wawili wa kambini akaunti zenye mamlaka kamili, kila mmoja kwa jina lake na paswedi yake. Mmoja akihama au akipata resettlement akaenda Kanada, akaunti yake inafungwa na mwingine yupo. Paswedi kuu iandikwe, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, isainiwe juu, ikae kwa mwenyekiti wa kituo. Bahasha ikifunguliwa, kila mtu ataona. Njia hiyo haihitaji hata warsha.

Wa pili atasema: vijana wataharibu. Labda. Ila tuulizane vizuri, safari hii nani alikuwa na mamlaka yote, na mashine ikafa mikononi mwa nani? Simsemi vibaya yule fundi. Ujuzi wake ni mkubwa kuliko wangu. Kilichomshinda ni honi ya dereva na mawingu. Mtu anayelala hapa angejua kwamba mwezi ule wa mvua betri haifiki asubuhi. Angeanza kazi saa mbili, au angeahirisha. Ujuzi wa mahali nao ni ujuzi, ingawa hauna cheti.

Wa tatu, na huyu ana hoja nzuri, atasema: basi tusipandishe toleo kabisa, mashine inafanya kazi, iacheni. Hapana, hilo nalo silikubali. Kuna masahihisho madogo ya toleo lilelile, yanayoziba matundu ya usalama, na hayo yafanyike kila mashine inapopata intaneti. Kuruka toleo zima ni kazi nyingine, ni kama kubadilisha msingi wa nyumba watu wakiwa ndani. Debian hulitunza toleo moja karibu miaka mitano kwa jumla. Kwa hiyo muda upo wa kupanga, hakuna sababu ya kuruka wiki chache kabla ya mitihani eti kwa kuwa gari limepatikana. Kazi kama hiyo ifanyike likizo, betri ikiwa imejaa, kwenye kadi ya pili. Hata watengenezaji wa Raspberry Pi wenyewe hushauri toleo jipya liwekwe upya kwenye kadi safi, badala ya kupandishia juu ya la zamani. Faida yake ni hii: jipya likigoma, unachomoa kadi, unarudisha ya zamani, na jioni watoto wanasoma kama kawaida. Fundi anaweza kwenda na gari lake akiwa na amani.

Kadi ya pili ndiyo ombi langu kubwa la vifaa. Memori kadi moja haifikii bei ya kujaza tanki la Land Cruiser mara moja. Lakini kwenye orodha za miradi naona kompyuta, naona fulana, naona bango, sioni kadi ya akiba. Naona siku ya uzinduzi na picha zake, sioni siku ya kukabidhi paswedi. Kompyuta ni kama ng'ombe, siku ya kuipokea ni siku moja, kuilisha ni kila siku. Aliyekuletea ng'ombe akabaki na kamba mkononi, usijisifu kwamba una mifugo.

Sasa nigeuke upande wetu, vijana, maana kulaumu mashirika ni rahisi na kunapendeza. Tukipewa hiyo paswedi, tuko tayari kuibeba? Maana mamlaka bila utaratibu itatuaibisha.

Tuanze na daftari. Simaanishi faili ndani ya mashine, maana mashine ikifa nalo limekufa. Daftari la karatasi la shuleni. Kila anayegusa seva aandike tarehe, amefanya nini, amri gani, kimetokea nini. Kituo chetu sasa kinalo. Ajaye kesho hataanza gizani.

Nakala ichukuliwe kila wiki. Folda ya Kolibri yenye kumbukumbu za wanafunzi ni ndogo ukiacha video, inaingia kwenye flashi ya kawaida. Flashi mbili, moja wiki hii, nyingine wiki ijayo, na moja isilale jengo moja na seva, maana moto na mvua havichagui. Halafu mara mojamoja jaribuni kuirudisha hiyo nakala. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni imani tu.

Seva ya masomo isigeuzwe ghala la filamu. Najua jaribu hilo, nafasi ipo na wenzako wanakuomba. Lakini mmeona kadi iliyojaa inavyoua. Bakisheni angalau robo ya nafasi wazi, na atakayetaka filamu anunue kadi yake.

Mwisho kwa upande wetu, tusimfanye mtu mmoja mfalme wa mashine. Hapa kambini tunao ugonjwa huu, mtu akijua kitu anakificha ili ahitajike. Yule fundi wa mjini kuwa peke yake na paswedi ni kosa, na kijana wa kambini kuwa peke yake nayo ni kosa lilelile likiwa limevaa ndala. Anayejua amfundishe mwingine, na akina dada wasiwekwe nyuma. Mmesikia ni nani aliyeona lile faili.

Ndugu wa mashirika, mkikaa kuandika mradi ujao, ongezeni mistari minne tu: watu wawili wa kambini wenye akaunti kamili, kadi ya pili iliyojaribiwa, daftari, na tarehe ya makabidhiano kabla mkataba wa fundi haujaisha. Mkikosa nafasi kwenye karatasi, futeni mstari wa fulana. Wengi wetu tuko hapa miaka na miaka. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958, na tangu hapo miradi imekuja na kwenda, watu wakabaki. Kinachofungwa pamoja na mradi hakikuwa chetu. Kinachobaki na watu ndicho tunachoweza kukijenga zaidi.

Na ninyi vijana, swali langu ni moja. Kituoni kwenu, seva ikigoma leo saa kumi na mbili jioni, nani ana uwezo wa kuifungua kabla ya kesho? Andikeni hapo chini kituo kina watu wangapi wenye akaunti na kama kadi ya akiba ipo, tupate orodha ya kupeleka kwenye kikao cha waratibu. Wenye shida kama ile yetu waseme pia imegoma wapi, tusaidiane. Paswedi zenyewe msiziandike hapa, jamani.